Mama Miguu na Chanjo Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Alizaliwa mtoto wa kwanza wa fundi mwashi, na siku hiyo baba yake aliutangazia mtaa mzima: “Huyu hatamgusa mtu miguu. Yeye ndiye atakayehudumiwa!” Mzee alijua kupima ukuta, si binti. Mtoto akakua akawa muuguzi, na kimbunga kilipong’oa mabati ya mji, yeye, mdogo wake na wapishi wachache wa kujitolea waliugeuza ukumbi wa parokia kuwa jiko na zahanati, bila malipo.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: huli kabla hajakukagua miguu. Watu walikuwa wamekanyaga misumari ndani ya maji machafu, na kila mmoja aliapa ni mkwaruzo tu. “Shikamoo baba. Haya, vua kiatu,” alimwambia mzee aliyenuna. “Sahani yako haina miguu, haitakimbia.” Wakambandika jina Mama Miguu. Walicheka, wakapona.

Chanjo ya pepopunda ililetwa, ikafungiwa kwenye jokofu la kamati ya maafa. Kisa? Mgeni rasmi hajaja kukata utepe! Waumini, najua maisha ya watakatifu huandikwa kwa upole. Upole wangu umefungiwa kwenye jokofu hilohilo. Mama Miguu akamfuata mwenyekiti ofisini.

“Vuta subira, dada. Wapiga picha bado.”

“Misumari haikusubiri wapiga picha, mwenyekiti.”

Akarudi mikono mitupu, akainama tena penye miguu ya watu. Yeye mwenyewe hakuna aliyemkagua, maana alikula wa mwisho, wima, jikoni. Taya zilipombana ndipo mdogo wake akamvua kiatu, akaona tundu la msumari. Neno lake la mwisho lilikuwa: “Foleni isisimame.” Alizikwa siku ileile mgeni rasmi alipokuja kutabasamu mbele ya jokofu. Hata leo, anayeingia ukumbini huvua viatu bila kuambiwa, na wengi huliita jambo hilo muujiza. Tumwige: tumwinamie mwenzetu kabla hajaomba. Nasi vijana wa parokia tulimlilia, tukalibeba jeneza lake mabegani.

Nilimsomea mdogo wake haya ili ayahakiki. Alisikiliza huku akisugua sufuria, kisha akauliza:

“Mabegani mwa nani?”

“Mwetu, dada. Vijana.”

“Wewe siku hiyo ulikuwa kwa mgeni rasmi, umemshikia sinia la mkasi. Umetokea kwenye picha, meno yote nje.”