Mzungu alikuja kupima nguvu za wazee Isongole, mkwe akaharibu kipimo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu poleni na bando. Hii siyo chai, nilikuwepo mwenyewe.

Miaka ya Ujamaa, kijijini kwetu kule Isongole, alikuja mzungu kupima ufiti wa wazee. Alishapima wa kwao na wa nchi nyingine mbili tatu, sasa anataka kulinganisha. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikabebeshwa ukalimani.

Katibu wa kijiji, mtu wa kuja, akaona hapohapo pa kupatia wafanyakazi. Akatangaza: mzee atakayeonekana dhaifu, amesamehewa shamba la kijiji. Mwenye nguvu, jembe.

Mngeona maajabu! Wazee waliopanda mlima asubuhi na mizigo kichwani wakashindwa kuinuka kitini. Mmoja aliomba kupumzika kabla hajaanza.

Mzungu anawahurumia kabisa. Msomi mzima!

Aliyetia fora ni Bibi Tusekile. Mvua zilishaanza, viazi vyake bado viko ardhini, na vikioza wajukuu watakula nini? Zamu yake ya kutembea ilipofika akajikokota na fimbo ya kuazima, anaguna kila hatua.

Katikati ya njia akatokea baba mkwe wake, mzee sana, naye anakuja kupimwa.

Sasa kwa sisi Wanyakyusa, enzi zile mwanamke haonani na baba mkwe. Akimwona anakimbia, hata awe na mvi kichwa kizima.

Fimbo ilibaki njiani. Bibi aliruka mfereji, akapotelea kwenye mianzi!

"Kaona nyoka?" mzungu akaniuliza, saa mkononi.

"Kamwona mkwe."

Katibu alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo Jumatatu shambani!"

Iliniuma, wakuu. Nikajua viazi ndiyo basi tena.

Yule mzee, ambaye hakuna mtu angemdai hata kushika mpini, alikuwa anasikiliza. Akamsogelea katibu.

"Ndaga, asante mwanangu. Na mimi niandike. Jembe naliweza."

Katibu akampigia makofi, eti mfano wa kuigwa.

Jumatatu mzee akaketi mwanzo wa shamba, jembe mapajani. Bibi akafika, akamwona, akatimua mbio hadi kwenye viazi vyake. Jumanne hivyohivyo, na Jumatano.

Katibu anakuja kushtuka, viazi viko ndani.

Nilichojifunza: kabla hujawapima wazee wa watu, uliza kwanza nani anamkimbia nani.

Wenye wakwe kama huyu semeni hapa chini. Wenye wakwe wa kawaida, poleni.