Mama wa Kambo wa Kwenye Kaunta Buku

Nikialikwa kwenye shule za sekondari kuzungumzia hadithi ninazoandika, kuna swali ambalo halikosi. Mwanafunzi anasimama nyuma kabisa na kuuliza kwa nini vijana wa hadithi zangu wote ni wakorofi. Huwa najibu kwamba kijana asiye na shida hana hadithi. Wanacheka, mwalimu wao naye anacheka, tunaendelea. Jibu la kweli ni refu, na linaanzia nyumbani kwetu Mwamkulu, nikiwa kidato cha pili.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Baba, Msukuma aliyeingia Katavi akiwa kijana na ng'ombe wa babu, alikaa miaka mitatu bila mke, kisha akaoa mwanamke wa Mpimbwe, Mkatoliki, mkulima wa mpunga kama ndugu zake wote. Niliambiwa nimwite mama mdogo. Nikamwita hivyo, kwa mdomo tu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na Kisukuma hakukijua. Wanawake wa pale, wengi wao ndugu zetu, walipokaa kuzungumza, naye alicheka wanapocheka, ila kwa kuchelewa kidogo.

Mimi nilikuwa mkorofi kwelikweli. Nilitoroka vipindi vya hesabu. Nilimpiga msichana wa darasa letu kwa kopo la maji kwa sababu aliniuliza kama mama yangu mpya anapika vizuri. Nyumbani niliweza kumaliza siku mbili bila kumjibu mtu. Baba alisema nina kichwa cha dume la ng'ombe, akaniacha.

Kitu kimoja kilinituliza: kuandika. Nilikuwa na kaunta buku ya bailojia. Kurasa za mbele zilikuwa na michoro ya majani na mizizi. Nyuma nikaanza hadithi ya msichana aliyefiwa na mama, akalelewa na mama wa kambo. Mle ndani mama wa kambo alimpiga msichana kwa mwiko. Hilo lilikuwa limenitokea mimi, mara moja, begani, siku niliyomwaga maziwa makusudi mbele ya mama mdogo. Kwenye hadithi niliandika mwiko, maziwa nikayaacha.

Wenzangu waliipenda. Walisoma kwa zamu, kaunta buku ikipita chini ya madawati. Nilipoona hamu yao nikaongeza njaa: mama wa kambo akawa anampa yule mtoto sufuria tupu alambe. Hilo lilikuwa uongo mtupu, na ndilo lililowaliza. Msichana niliyekaa naye dawati moja, jirani yetu kule Mwamkulu, alifunga daftari. Kesho yake alinipa viazi vitamu vilivyofungwa kwenye mfuko.

"Kula," alisema. "Sitamwambia mtu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nilikula. Alileta viazi wiki mbili mfululizo, na kila siku nilikula.

Akamwambia mama yake, kama mtoto yeyote mwenye huruma angefanya. Jumapili moja mchana, baba akiwa malishoni, mama huyo alikuja kwetu na wanawake wengine wawili. Hawakukubali kukaa. Mama mdogo alikuwa anapepeta mchele, na ungo ulibaki mikononi mwake. Yule mama alisema kwa Kiswahili, si kwa Kisukuma, ili mwenye kusemwa aelewe.

"Mtoto wa marehemu hashindi njaa kwenye nyumba yenye ghala lililojaa. Hapa si kwenu."

"Nani anashinda njaa?" mama mdogo aliuliza.

Mwanamke alinionyesha kwa kidevu. Mama mdogo akanigeukia, akanisubiri niseme. Nilitazama miguu yangu. Mpaka leo, nikipima makosa yangu ya miaka ile, ukimya ule unazidi hadithi yenyewe kwa uzito.

Baada ya siku ile wanawake walimtenga. Akifika kwenye pampu ya maji, mazungumzo yaliisha. Mavuno yalipoanza ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Kwetu watu huvuna kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na mama mdogo alikuwa ameshavuna kwenye mashamba ya watu wanne. Ilipofika zamu yake hakuja hata mmoja. Tuliingia majarubani watatu, yeye, baba na mimi, na mpunga ulikuwa umeshaanza kulala.

Siku ya tatu baba alichoka kushangaa. Aliacha mundu, akaenda kwa jirani kuuliza kulikoni. Alirudi na kaunta buku yangu, iliyokuwa kwa msichana wa jirani, mkono mmoja na fimbo mbichi mkono wa pili.

"Acha fimbo," mama mdogo alisema. "Anisomee kwanza."

Nilikaa kwenye tuta la jaruba nikasoma. Yeye alikaa pembeni yangu, matope yakimkaukia miguuni. Nilipofika kwenye mwiko alinisimamisha.

"Hapo ni kweli, nilikupiga. Maziwa mbona hayamo?"

Nikaendelea mpaka kwenye sufuria tupu. Nilitaka kuishia hapo, lakini alinitaka nimalize ukurasa. Nilipomaliza akauliza:

"Huyu mama, akimpa mtoto sufuria tupu, moyoni anawaza nini?"

"Sijui."

"Si wewe uliyemtunga?"

"Hawazi kitu, mama mdogo. Ni mbaya tu."

"Mimi siku ile ya mwiko nilikuwa nawaza kwamba unanichukia na sijui nimekukosea nini. Nilikuwa nawaza kurudi kwetu." Akasimama, akachukua mundu wake. "Haya. Mpunga hautusubiri."

Baba aliitupa fimbo kwenye mfereji wa maji. Jioni ile, bila kutumwa, nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta yule mama uani akichambua mboga, nikamwambia nimesema uongo, sijawahi kushinda njaa.

"Na viazi vya mwanangu?"

"Nilikula."

"Na mwiko?"

"Mwiko ni kweli. Lakini nilimwaga maziwa makusudi."

"Nenda nyumbani," alisema. "Yaliyobaki ni yetu watu wazima."

Kesho yake wanawake wawili walikuja shambani na miundu yao. Hawakuomba radhi; waliingia mpungani wakaanza kukata. Yule mama jirani mwenyewe alikuja siku iliyofuata. Wengine hawakuja kabisa, wala mwaka uliofuata. Waliamini hadithi yangu kuliko ushahidi wangu, ingawa vyote vilitoka kwa mtu yuleyule.

Kwenye vitabu vya vijana wanaokua huwa kuna siku moja kijana anapofumbuka macho, na kurasa zinazobaki anakuwa mtu mwingine. Nami nimeandika siku kama hizo, kwa sababu msomaji anazihitaji. Lakini mimi sikuipata. Mwezi uleule nilisimamishwa shule kwa kupigana tena. Rafiki yangu wa viazi vitamu alihama dawati na hakunisemesha mpaka tulipoingia kidato cha nne. Kilichobadilika kilikuwa kidogo: nilipoendelea na ile hadithi, kila nilipomwandika yule mama wa kambo nilijiuliza anawaza nini, na nisipojua nilisimama. Wenzangu walisema hadithi imepungua utamu. Walikuwa sahihi. Ilinichukua miaka kujifunza kuandika mtu mwenye sababu zake bila kumchosha msomaji.

Asubuhi ya kuondoka kwenda kidato cha tano, nje ya mkoa, mama mdogo na mimi tuligombana juu ya ndoo ipi nichukue. Hata hivyo alinisindikiza mpaka stendi ya mabasi Mpanda, akanibebea godoro kichwani. Tulisimama pale mpaka dereva akawasha gari.

"Ukifika uandike," alisema.

Niliandika barua tatu mwaka ule. Hakujibu hata moja. Nilipompigia baba simu kumuuliza kama zilifika, alisema zimefika zote, mama mdogo anazisoma mwenyewe polepole, akifuata mstari kwa kidole, na hataki mtu amsaidie.