Kanda ya Pili Haikuja

Mume wangu alipofariki aliniachia binti aliyekuwa ameanza tu kusema, nyumba ya mabati nyumbani kwao Asembo Bay, na televisheni. Televisheni ilikuwa na deki yake ya video na jenereta ndogo, vitu alivyovinunua kimoja kimoja alipokuwa akifanya kazi Kisumu. Tulimzika nyumbani, upande wa kulia wa nyumba hiyo, na mimi nikabaki. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini kuelekea mwisho, na sikujua ningebaki kwa muda gani. Hakuna aliyejua.

Nieleze jambo hili polepole, maana msomaji aliyezaliwa kwingine anaweza kuwaona watu wa mume wangu kuwa wakatili, na hawakuwa. Mjane wa Kijaluo, kuanzia siku ya mazishi, yuko katika hali inayoitwa chola. Ni maombolezo, lakini ni zaidi ya kulia. Halali nje ya boma. Haingii katika nyumba ya mtu mwingine, hata akiitwa kwa upendo, kwa sababu inaaminika kwamba anaweza kupeleka msiba huko. Watu wanaweza kuja kwake. Yeye haendi kwao. Kanisani niliruhusiwa, kwa kuwa kanisa si nyumba ya mtu, ila nilikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya wengine.

Chola haina tarehe. Inaisha ndugu wa marehemu anapoichukua nyumba ya mjane iwe chini yake, yaani anapomrithi kama mke. Siku zile familia za kanisa, kama yetu, zilikuwa zimeanza kutumia maombi badala yake. Lakini hata maombi hayangeanza kabla ndugu huyo hajatamka neno. Aseme ndiyo, au aseme hapana. Na shemeji yangu alikuwa hasemi.

Mimi nilikuwa mwalimu. Kabla ya msiba nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi karibu na Muhoroni, katikati ya mashamba ya miwa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema. Alinivumilia muhula mzima, darasa langu likifundishwa na wengine kwa zamu. Kisha akatuma ujumbe kwamba muhula mwingine usingepita hivyo. Nisipofika shule zikifunguliwa, nafasi ingepewa mtu mwingine. Nilimwambia mama mkwe wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kugeuza omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka juani, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Basi.

Shemeji alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu. Mke wake alikuwa kiongozi wa kwaya, na kila mtu alijua kwamba hangekubali nyumba ya pili. Lakini shemeji alimpenda kaka yake. Kila Jumamosi alikuja nyumbani, akanisalimu akiwa amesimama mlangoni, akanikabidhi mfuko wenye sukari na kanda ya video, kisha akaenda kuangalia ng'ombe, akabaki bomani hadi Jumapili jioni. Nadhani alileta kanda kwa sababu hakujua kingine cha kuleta. Mimi sikuweza kwenda popote, kwa hiyo akaniletea dunia kipande kwa kipande.

Tulitazama Jumapili mchana, baada ya kanisa. Madirisha yalizibwa kwa blanketi ili mwanga usiangukie kioo. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Chumba kilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya miguu ya watu wazima, na joto la mabati lilitushukia kama mkono wa mtu mzito. Nilikaa karibu kabisa na televisheni, si kwa heshima, ila kwa kazi. Mimi peke yangu ndiye niliyesoma Kiingereza vizuri, kwa hiyo nilieleza picha kwa Kijaluo kwa sauti kubwa ya kushindana na jenereta. Kanda zilikuwa nakala za nakala. Za Kihindi zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, lakini mara nyingi nusu ya mstari ilikuwa imekatwa, nami nilisoma vichwa vya herufi na kukisia miguu yake.

Picha ikiisha, hakuna aliyeondoka. Jenereta ilizimwa, chai ikapikwa, na mama mkwe akaanza kuuliza, kutoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa: "Wewe umeonaje?" Kila mtu alitoa maoni yake, kama katika kikao cha boma. Msicheke. Walichukulia picha kama kesi iliyoletwa mbele yao, na kesi haiachwi bila kusikilizwa.

Nakumbuka picha ya ngumi, kijana mmoja akiwapiga watu tangu mwanzo hadi mwisho. Jirani yetu alikuwa mwanamke mcheshi ambaye, kama wake wote waliotoka kwingine, aliitwa kwa kwao: Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma. Alisema, "Anapigana vizuri. Lakini nani anamlimia? Mvua imenyesha kwenye picha mara mbili na hajashika jembe."

Na picha ya polisi wa Ulaya ilimkasirisha kabisa Mzee, ami wa marehemu mume wangu, ambaye siku zote alikalia kiti cha karibu na mlango. "Wamekufa watu wengi namna hii," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyezikwa! Hawa watu hawana kwao?"

Hayo yalinifurahisha, nami nasema kwa dhati kwamba mchana ule wa Jumapili ulinisaidia. Lakini walipomaliza chai waliinuka, wakaaga, wakaenda makwao. Nilisimama kwenye kizingiti nikiwatazama wakiingia katika nyumba zao, mlango baada ya mlango, na mimi mlango wangu ulikuwa wa kutokea watu tu.

Kisha shemeji akaleta picha ya Kihindi yenye mjane.

Hakuijua. Duka la kanda lilimpa tu iliyokuwapo. Mume akafa mapema, nyimbo zikakoma, na mke akavuliwa bangili akavalishwa nguo nyeupe. Akawekwa katika chumba cha nyuma. Watu wa nyumba walipita na masinia ya chakula. Yeye alikaa dirishani. Kulikuwa na ndugu wa marehemu, kijana mtanashati, aliyesafiri kwa gari na kurudi kila mara na maboksi ya zawadi. Zawadi aliziacha mlangoni. Nilieleza yote hayo kwa sauti ileile ya kila Jumapili, kwa sababu watu kumi na tano au ishirini walikuwa wakinitegemea.

"Hiyo nguo nyeupe ataivaa mpaka lini?" mama mkwe aliuliza.

"Maisha yake yote, Mama. Huko ndivyo ilivyo."

Chumba kilivuma. "Maisha yote!" alisema Nyar Uyoma. "Hao watu hawana huruma. Na huyo kijana wa maboksi anangoja nini?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa ghafla, kama vile mtu amekanyaga mguu wa mgonjwa. Shemeji alikuwa ameketi pale pale kati yetu. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Mjane wa kwenye kioo akaweka mkono juu ya komeo la mlango, muziki ukapanda, na kanda ikafika mwisho. Picha za Kihindi zilikuwa ndefu. Zilikuja kwa kanda mbili. Shemeji alikuwa ameleta moja.

"Nitaleta nyingine Jumamosi," alisema haraka.

Wiki ile, kwa kuwa mimi sikutembea, ubishi ulinifuata. Wanawake waliokuwa wakirudi ziwani na karai za samaki walisimama kwenye ua wa minyaa na kuniita. "Nyar Maseno!" Hilo ndilo jina langu pale, kwa sababu nilizaliwa Maseno. "Nyar Maseno, unaonaje, atafungua ule mlango?" Nilijibu kwamba sijui, kwamba kanda ya pili itatuambia. Mmoja alisema atatoroka. Mwingine alisema kijana atamwoa. Mzee alipita akasema, bila kuulizwa, kwamba mwanamke mwenye adabu atarudi akae. Nilisikiliza kila mmoja nikiwa nimeshika ufagio. Ilikuwa ajabu kusikia watu wakijadili maisha yangu yote bila kunitaja, na bila mimi kuruhusiwa kusema kwamba nimeelewa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Usiku sikulala vizuri, mchana sikula vizuri, na binti yangu alianza kuniuliza kwa nini ninasimama dirishani.

Jumamosi shemeji alifika na sukari tu.

"Kanda iko wapi?" aliuliza mama mkwe, Jumapili, watu wakiwa wamekwisha kukaa.

"Mama, kuna mtu ameikodisha. Hajairudisha."

"Mtu gani huyo anayekaa na shida za watu nyumbani kwake?"

"Sijui, Mama."

Mama mkwe akatazama kioo cheusi. Kisha akaniambia nilete chai. "Tutaimaliza wenyewe," alisema. "Blanketi zitolewe dirishani. Hii si kesi ya gizani."

Kwa hiyo tulikaa katika mwanga wa kawaida, jenereta ikiwa kimya, na kwa mara ya kwanza sikulazimika kupiga kelele. Akaanza kwa wadogo kama desturi. Wengi walisema mjane afungue mlango. Mzee akasema, "Akitoka, nani atawasha moto katika nyumba ile? Nyumba ya mwanamume haifungwi kama duka."

"Moto ni wa kuwasha, Mzee," alisema Nyar Uyoma. "Njoo uwashe wewe. Kiberiti nitakupa."

"Nyamaza, wewe."

"Nimenyamaza."

Mama mkwe akanigeukia. "Nyar Maseno, wewe ndiye unayesoma. Yule mwanamke mwenyewe amesema nini?"

Nilifikiri. "Hajasema mengi, Mama. Maandishi yake yalikuwa mafupi. Mengi yalikuwa 'ndiyo' na 'sawa'."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hakuna aliyemuuliza swali refu."

Halafu, polepole, kama mtu anayemwaga maji ya moto kwa uangalifu, akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Yule ndugu wa marehemu, anayesafiri na kurudi na maboksi. Umemwonaje?"

Shemeji alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilimhurumia. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata yeye hakuwa na mlango wa kutokea.

"Ni mwoga, Mama."

"Anaogopa nini?"

"Akisema hapana, watu watasema amemtupa kaka yake. Akisema ndiyo, nyumba yake ya mjini itavunjika, na huyu mwanamke mwenyewe pia hataki." Akageuza kikombe mikononi. "Kwa hiyo analeta zawadi, anaziacha mlangoni, anaondoka."

"Hayo hayakuwa kwenye picha," Mzee alisema kwa ukali. "Mimi nilikuwapo. Yule kijana hakusema neno."

"Sasa amesema," mama mkwe akajibu.

"Aliyesema ni Mhindi!"

"Mzee," alisema Nyar Uyoma, "Mhindi gani anayejua Kijaluo hivyo?"

Hata mtoto mdogo kuliko wote alicheka, ingawa hakujua anacheka nini. Mzee alishika mkongojo wake kama anayetaka kuinuka, kisha akabaki. Mama mkwe hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Sasa sema bila picha," alimwambia mwanawe.

Shemeji akasimama. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. "Shemeji," alisema, "sitaichukua nyumba yako. Si kwa dharau. Nilimpenda kaka yangu, na wewe ni mtu wetu. Lakini sitaichukua."

Ningependa kukuambia kwamba nilifurahi papo hapo. Ukweli ni kwamba nililia, na sehemu moja ya kilio ilikuwa aibu, maana hata neno usilolitaka likikataliwa mbele ya watu huuma. Ukipita mahali kama pale, usishangae ukihisi mambo mawili kwa pamoja. Mama mkwe aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Mmesikia nyote. Amesema." Akamtuma mtu amwite mchungaji.

Mchungaji na kina mama wa kanisa walikuja Jumatatu. Waliomba ndani ya nyumba yangu, wakaomba kaburini, wakaimba, wakala ugali na samaki. Mzee hakuja. Alikaa mbele ya nyumba yake akichonga mpini, na sikumlaumu. Alikuwa akilinda kitu alichofundishwa kulinda, na hakuna aliyemwonyesha kingine cha kushika.

Wageni walipoondoka, mama mkwe alikuwa akichambua mchele uani. Hakunipa hotuba. Hakusema nimefunguliwa. Alisema tu, bila kuinua kichwa, "Nyar Maseno, hebu nenda kwa Nyar Uyoma uniletee ungo wangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mimi?"

"Unaona mwingine hapa?"

Nikamshika binti yangu mkono tukatoka. Ni hatua chache tu kutoka ua wetu hadi wake. Nilifika mlangoni, nikasimama nje kama nilivyozoea, nikabisha hodi. Nyar Uyoma alikuwa akikaanga samaki. Moshi ulimjaa machoni, akayafuta kwa mgongo wa mkono.

"Mama anataka ungo," nilisema.

"Ungo uko ndani. Ingia uuchukue."

Binti yangu aliniponyoka, akaingia kwanza, akapotea chini ya meza pamoja na watoto wa mle ndani. Mimi nilivuka kizingiti kwa mguu mmoja, nikangoja. Kisha nikavuka kwa wa pili.

"Unaondoka lini kwenda Muhoroni?" aliuliza, bado akigeuza samaki.

"Alhamisi."

"Alhamisi ni mbali. Kaa hapo. Leo ni zamu yangu kukupikia chai."