Midomo ya Alden Prouty

Alden Prouty alizaliwa Fall River, mji wa viwanda vya pamba huko Marekani, mtoto wa kinyozi, na tangu utotoni alipenda kutazamwa. Alipofika miaka kumi na tisa alifuata kundi la waigizaji wa jukwaani, akacheza mwizi, kasisi, hata mfalme mwenye taji la bati. Mkewe Almira alibaki kiwandani na mashine zake sita za kufuma pamba. Suti zote alizovaa Alden kwenda kuomba kazi zilitokana na jasho la mwanamke huyo.

Mwaka 1911 Alden aliingia kwenye picha za sinema zisizo na sauti, ng'ambo ya mto kutoka New York. Aliingia kwa kificho, maana watu wa jukwaani waliidharau kazi hiyo, na jina la mwigizaji halikuandikwa popote. Barua zikaadimika. Hatimaye ikaja moja, na Delphine Gagnon, mfumaji wa mashine za jirani, akamsomea Almira: Pasaka mumewe atakuja kumchukua. Almira akamwarifu msimamizi kwamba Jumamosi anaacha kazi.

Alhamisi wafumaji wenzake wakamsindikiza kwenye nyumba ya picha. Siku nyingi alijiuliza wale watu wa kwenye kitambaa cha sinema husema nini. Alden aliwahi kumwambia, akicheka, kwamba husema lolote, hata habari za viazi, kwani nani atasikia?

Alisahau alikooa. Kiwandani mashine hunguruma hata mtu asisikie sauti yake mwenyewe, na wanawake huongea kwa midomo mitupu na kusomana, huyu yuko mlangoni, yule dirishani.

Alden akatokea, mkubwa kama ukuta, akapiga goti mbele ya binti mwenye kofia ya manyoya.

"Haya shemeji, tubembeleze na sisi," Delphine akatania, na safu nzima ikacheka.

Kicheko kikakatika. Piano ya ukumbini iliendelea. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesoma maneno yaleyale: "Usihofu, kipenzi. Yule wa kiwandani namtuliza kwa barua tu. Haji."

Delphine akamshika mkono. "Twende, shoga. Picha yenyewe inarukaruka, huenda tumekosea."

"Wote kumi na mmoja?" Almira akauliza. "Kaa. Nataka kujua yule naye alimjibu nini."

Wakakaa mpaka picha ikaonyeshwa tena. Safari hii Almira hakumtazama mumewe kabisa. Binti aliinamisha uso, akatabasamu kama alivyoagizwa na mwongozaji, na midomo yake ikasema: "Basi mwambie, Alden. Asije akaacha kazi bure."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya mumewe, kwa kuwa yalikuwa ya kweli, na aliyeyasema hakuwa na deni lolote la wema kwake.

Asubuhi alimfuata msimamizi kabla mashine hazijawashwa, akamwomba zile sita asimpe mtu. Msimamizi akashangaa: si mume anakuja kumchukua?

"Ameshanijibu," Almira akasema, akafunga aproni.