Eustolia Barraza na Gari Asilokuwa Nalo

Eustolia Barraza amekunja mashuka ya hoteli moja katikati ya jiji la Phoenix kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo amekwenda kazini kwa miguu. Julai, akirudi nyumbani saa kumi, hungoja taa za kuvukia barabara akiwa kwenye mstari na wenzake, kila mtu nyuma ya mgongo wa mwingine, ndani ya kivuli cha nguzo. Mtu mnene hujibana.

Mwaka huu jengo analoishi liliuzwa, wapangaji wakaambiwa wahame kabla ya Septemba ya mwaka ujao. Kodi za majengo ya jirani zilikwisha kumpita zamani. Alibakiwa na orodha tu: parokia yake ilitaka kujenga nyumba kumi na nne za kodi nafuu kwenye uwanja mtupu mkabala na kanisa, na yeye alikuwa wa kumi na moja.

Kikwazo kilikuwa magari. Kanuni ya jiji ilidai kila nyumba iwe na nafasi ya kuegesha gari, na uwanja ule, hata ukikatwa miti yote, ulitosha magari tisa. Basi zingejengwa nyumba tisa. Wa kumi na moja angehamia pembezoni, mabasi mawili kutoka kwenye mashuka yake. Kwenye orodha nzima, wenye magari walikuwa wanne.

Siku ya kikao cha kamati ya ujenzi ya jiji aliomba ruhusa ya saa moja. Dakika arobaini zikaliwa na mwenye mgahawa aliyelalamika kwamba wateja wake hawana pa kuegesha. Eustolia alipopewa zamu, mwenyekiti, Bi. Lindquist, alimuuliza kwa upole itakuwaje siku akinunua gari.

"Nikinunua gari sina kodi, nikilipa kodi sina gari. Chagueni nyinyi, mama."

Watu wakacheka. Bi. Lindquist akasema kanuni ni kanuni, ila nafasi zinaweza kuwa kwenye kiwanja kingine, kikiwa karibu, na mwenye kiwanja akikubali.

Eustolia akageuka taratibu. Nyuma yake walikaa Padre Urquidez na wazee watano wa baraza la parokia, waliokuja kuunga mkono nyumba za maskini.

"Padre, uwanja wetu wa magari pale kanisani unaingia mangapi?"

"Sitini, Doña Tolia," akajibu, kwa jina la heshima walilomwita parokiani.

"Hujaa lini?"

"Jumapili."

"Na siku nyingine sita?"

Padre akaangalia viatu vyake. Suala hilo, alisema, halikuwahi kufika barazani. Waumini wanatoka mbali, lami inachoma, wanapenda kuegesha karibu na mlango. Miaka miwili walikuwa wamechanga, wamesali, wamechora ramani, na hakuna aliyevuka barabara kwa mawazo. Eustolia naye hakuvuka, na hilo lilimkera zaidi.

"Baraza lote liko hapa," alisema. "Waulize."

Wazee wakanong'onezana. Mmoja wao, Don Nicanor Amparán, akataka kujua kama Jumapili yeye atasukumwa mbali na mlango.

"Don Nica, tunaomba nafasi tano tu, za kule ukutani. Gari lako liendelee kulala mlangoni."

Mikono minne ikanyooka. Don Nicanor alijikuna shingo, akawatazama wenzake, akanyoosha wake nusu, kama mtu anayesimamisha basi asilolipenda. Bi. Lindquist akahesabu mitano. Nyumba zikabaki kumi na nne, na miti ikakatwa.

Nje, Eustolia alikuwa amechelewa kazini dakika kumi na tano. Don Nicanor akamfuata, akamwambia haifai mwanamke wa umri wake kutembea kwenye jua lile, afadhali yeye ampeleke kwa gari lake. Hoteli ilikuwa mtaa wa pili.

"Umeliacha wapi?" Eustolia akauliza.

Don Nicanor alionyesha kwa kidevu. Alikuwa ameliegesha mitaa minne kutoka pale.