Landrova Zizini

Gari la baba yangu nililinunua mimi, ingawa hakuna aliyeniuliza na sikuwahi kukaa kiti cha mbele. Lilinunuliwa kwa ng'ombe wangu wa mahari. Nikisema wangu, najua wanaume wa kwetu watacheka, kwa sababu kwetu Usukumani ng'ombe wa mahari ni wa baba, na binti ni njia tu waliyopitia. Sawa. Lakini aliyepigwa kwa ajili yao nilikuwa mimi, kwa hiyo niacheni niwaite wangu.

Utoto wangu wote baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika pale Bariadi. Aliendesha landrova ya kijani, akipeleka mabwana shamba na mizani vijijini, na ingawa ilikuwa mali ya ushirika, mtaani kwetu kila mtu aliiita landrova ya baba. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na fedha taslimu, ushirika ukaanza kusinzia, watu wakapunguzwa kazi, baba akiwemo. Vitu vya ushirika vikauzwa kimoja kimoja: meza, maturubai, mizani, na mwishowe landrova. Mita yake ya maili ilikuwa imekufa zamani. Baba alisema ilizunguka yote ikarudi sufuri, ikaanza upya, halafu ikachoka.

Mwaka huohuo niliolewa upande wa Lalago. Ng'ombe walikuja kwa miguu hadi kwetu, na niliwatazama mmoja mmoja wakiingia zizini, kwa kuwa msichana anataka kujua amethaminiwa namna gani. Alikuwepo jike mwekundu mwenye paji jeupe. Alikuwepo dume mwenye pembe moja iliyoinamia jichoni, na mweusi mwenye mabaka, na mtamba wa kijivu aliyekuwa na haya kama mimi. Kaka yangu alikuwa ameshaoa mke kwa ng'ombe hao kichwani mwake. Baba akawapeleka zaidi ya nusu mnadani, akarudi na landrova. Kaka akaondoka kwenda machimboni Geita bila kuaga.

Siwezi kusema baba alikuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kiangazi ng'ombe hukonda, lakini kiangazi ndio msimu wa kununua pamba, na wanunuzi wapya walihitaji gari la kubeba watu wao, magunia yao na mizani yao hadi vijijini ambako hawakujua njia. Baba alizijua njia zote, hata zile ambazo mvua huzifuta. Msimu wa kwanza walimkodi, akalipwa, akamnunulia mama vitenge na redio. Msimu wa pili walikuja na pikapu zao za mtumba kutoka Japani, zenye redio ndani yake, na madereva wao. Baba akabaki kusomba abiria wa minadani na magunia ya mpunga.

Hapo ndipo gari lilipoanza kula. Enzi za nyuma hela ya spea ulikuwa nayo, spea zenyewe ukazitafuta hadi ukachoka. Sasa maduka ya Bariadi yalikuwa na spea za kila aina, zimening'inizwa mlangoni zinang'aa, na wewe unapita ukizitazama. Baba akawa anauza ng'ombe waliobaki. Jike mwekundu akawa gearboksi. Mweusi mwenye mabaka akawa matairi mawili, yaliyotumika tayari. Dume mwenye pembe iliyoinama alikufa kwa ugonjwa kabla ya kuuzwa, na ngozi yake baba akaikata vipande, akaviweka kwenye springi mahali pa mipira iliyoisha. Nasema haya yote kwa sababu niliyajua baadaye. Wakati yanatokea nilikuwa Lalago, nikijifunza kuishi na mume.

Mume wangu alikuwa na mkono mwepesi. Akiwa amekunywa alikuwa nao, na akiwa hajanywa alikuwa nao vilevile. Siku aliponing'oa jino nilifunga kanga kichwani, nikatoka kama naenda kisimani, nikaomba lifti kwenye lori la pamba hadi Maswa, na jingine hadi Bariadi. Nilifika mchana. Sikuingia ndani kusalimia, nilikwenda zizini kwanza. Binti aliyemkimbia mume hutazama zizi la kwao kabla ya kitu kingine, kwa sababu jibu lake liko huko. Kama ng'ombe wa mahari wapo, watarudishwa na yeye atabaki kwao. Mimi sikuwa na mtoto, kwa hiyo walitakiwa kurudi wote.

Ndani ya zizi, katikati ya ua wa miiba, palikuwa na landrova. Baba alikuwa akiilaza humo kwa kuogopa wezi wa spea na matairi. Chini yake ilionekana miguu yake miwili, imevaa kandambili za tairi.

"Mwadila, baba," niliisalimia ile miguu.

"Mwadila, mayu," aliitika, akiniita mama kama kawaida yake. Hakutoka haraka. Nadhani sauti yangu ya mtu aliyepungukiwa jino ilimweleza kila kitu.

"Wako wapi?"

Mkono ulitoka, ukapiga bodi la gari kwa kiganja. "Wamo humu."

"Wote?"

"Amebaki yule mtamba wa kijivu, yuko machungani. Naye nimeshamwahidi fundi."

Nililia palepale, nikiwa nimesimama, na nilimchukia. Mama alinipa ugali na maziwa, nikagundua kwamba maziwa yenyewe ni ya kununua. Katika nyumba iliyopokea mahari yangu, maziwa yalitoka kwa jirani ndani ya chupa ya soda. Mama alinitazama mdomoni, akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake baba alinirudisha mwenyewe, mimi nikiwa kiti cha nyuma. Njia nzima aliongea na gari kuliko na mimi. Tulipokaribia alisema, "Nipe msimu mmoja. Likisimama vizuri msimu huu, nitanunua ng'ombe mmoja mmoja hadi watimie, nije nikuchukue." Aliniacha barabarani, kwenye maduka, injini ikiwa inaunguruma. Betri ilikuwa imeshakufa na stata ikafuata, kwa hiyo landrova ikizimwa haikuwaka tena mpaka isukumwe, au iteremke yenyewe kutoka mlimani. Baba alikuwa na vichuguu vyake na miinuko yake katika kila kijiji alichokwenda, anaegesha juu na kuweka jiwe chini ya tairi, kisha anafanya shughuli zake.

Tangu siku hiyo uzima wangu ukafungwa kwenye uzima wa lile gari. Siku za mnada wa Lalago lilipita barabara yetu, na mimi niliacha chochote nilichokuwa nakifanya nikalisikiliza. Nililijua likiwa na afya na likiwa na homa, namna mama anavyomjua mtoto kwa kikohozi. Nilibatizwa Mkatoliki, na siku nyingine kanisani, wengine wakiwaombea marehemu wao, mimi niliombea gearboksi. Baba aliposimama kidogo kushusha abiria nilikwenda na maji ya kunywa, nikamuuliza hali, naye akanijibu hali ya gari. Tangi limetoboka, ameziba kwa sabuni ya kufulia. Tairi limepasuka njiani, amelijaza nyasi kavu na kufika nalo. Dawa ya breki imekuwa ghali, anatia maji ya sabuni. Alinieleza haya akitabasamu, kama mtu anayetoa taarifa za mgonjwa anayeendelea vizuri, na mimi nilirudi kwa mume wangu nikiwa nimeshikilia hiyo sabuni na hizo nyasi. Aibu ninayo, lakini nilitumaini.

Nilihesabu vibaya, sote wawili tulihesabu vibaya. Alichopata Jumatatu gari lilikula Jumanne. Msimu wa pamba uliisha, mtamba wa kijivu akawa springi za nyuma, na zizini hapakuingia hata ndama. Nami nyumbani nilikuwa nimeongezewa kovu juu ya jicho.

Siku moja ya mnada baba alisimama barabarani na hakuomba maji. Aliliona lile kovu. Alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, akasema, "Jumapili nakuja. Funga mzigo wako."

"Umepata ng'ombe?"

"Nitawapa gari."

Nilidhani ni mzaha. Halafu niliona anaupapasa usukani kwa kidole gumba, nikajua kwamba ameamua kutoa kitu pekee alichowahi kukipenda bila kulazimishwa. Nilimsamehe saa hiyohiyo, kwa haraka ambayo baadaye niliijutia.

Jumapili alikuja amevaa koti. Landrova ilikuwa imeoshwa hadi rangi ya kijani ya ushirika ikaonekana tena. Baba mkwe wangu na ndugu zake walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja uani, na mume wangu pembeni yao, mpole, amenyoa ndevu. Gari liliingia likinguruma, na mimi, kabla hata salamu hazijaanza, nilizunguka nyuma nikatupia ndani mzigo wangu: magauni yangu, kanga mbili, shuka, na kitambaa cha mezani nilichofuma nikiwa shuleni. Nilibaki na gauni nililovaa.

"Mzee mwenzangu," mkwe wangu akasema kwa sauti ya kushinda injini, "zima kwanza, tusalimiane."

Baba aliutazama ule ua. Ulikuwa tambarare kama meza. Mbele yake palikuwa tambarare pia, hadi barabarani. Niliona akitafuta kwa macho, na nilijua anatafuta nini. Lakini mtu hazungumzi na wakwe huku anawaunguruzia masikioni, na hakuna baba wa kwetu angeweza kusema hapana, siwezi kuzima. Ingekuwa sawa na kuwatukana. Akazima. Kimya kilichofuata nakisikia hadi leo.

Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana mvua na mifugo, ingawa mmoja wao hakuwa na mifugo. Baba akaongea vizuri. Alisema hakuja kubishana nani mwenye makosa, alisema gari hili ni ng'ombe wote mliotuletea na zaidi, mwenye nalo hatakosa hela ya chumvi. Wazee walinyanyuka wakalizunguka. Walifungua boneti. Mmoja alivuta kipande cha ngozi kwenye springi, akakinusa.

"Hii ni ngozi ya ng'ombe?"

"Ndiyo," baba akasema.

"Kumbe kweli wamo humo," akasema, na wote wakacheka. Hata baba alicheka.

Mkwe wangu hakucheka sana. Hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. "Liwashe tulisikie," akasema.

Baba akaingia, akazungusha ufunguo. Likatoa mlio mmoja mdogo, ka. Akazungusha tena. Hendeli ya kuwashia injini kwa mkono ilikuwa imekatika mwaka uliotangulia. Alishuka, akagusa nyaya, akapanda, akajaribu, na jasho likaloa kola ya koti.

"Mzee mwenzangu, sisi tunakuheshimu," mkwe wangu akasema mwishowe. "Lete ng'ombe. Hata wakiwa wamekonda, lete. Ng'ombe atazaa. Hili rudi nalo, na mtoto atabaki hapa mpaka siku hiyo."

Baba aliinamisha kichwa. "Nimesikia," akasema. "Wabeja."

Akashukuru. Alikuwa amekuja kunichukua, na akashukuru.

Kisha ikabidi lisukumwe. Wazee wakavua makoti, mume wangu akakunja mikono ya shati, na mimi nikaenda nikaweka viganja vyangu nyuma, karibu na mzigo wangu, kwa sababu baba yangu asingeweza kulala pale. Bega langu na la mume wangu yaligusana. Alisukuma kwa bidii, nampa haki yake. Tulitoka uani, tukaingia njia ya barabarani, baba akaachia klachi, gari likakohoa, likasita, tukasukuma tena, likashika.

Wenzangu walisimama wakipumua. Mimi sikusimama. Sikujua kwamba nitakimbia mpaka nilipokuwa nakimbia. Nilimwita baba, nikashika ukingo wa nyuma kwa vidole, nikashindwa kujipandisha, nikaachia, nikaendelea kukimbia. Kupunguza mwendo maana yake injini kuzima, na kuzima maana yake kurudi kuomba msaada wa watu walewale. Nayajua haya yote, hakuna haja ya kunieleza. Lakini aliniona. Nasema aliniona kwa sababu aligeuza shingo, tukatazamana. Kisha akatazama mbele, na nikasikia anaongeza moto.

Mzigo wangu ulikwenda naye. Nilivaa gauni lile moja, nikilifua na kukaa na shuka la kuazima hadi likauke, na kila siku ya mnada nilisikiliza barabara. Landrova haikupita. Siku moja mchuuzi wa dagaa kutoka Kalemela, aliyepitia Bariadi, alinishushia furushi, akasema limetoka kwa mama. Nililifungua nikiwa nimesimama palepale barabarani. Magauni yangu yote yalikuwemo, na kanga, na shuka, na kitambaa cha mezani. Mama alikuwa amevifua, amevipiga pasi, na kwenye gauni la bluu alikuwa amebadilisha kifungo kilichokuwa kimepotea. Ndipo nikajua kwamba hawaji.