Nyumba Ishirini na Saba za Fundi Didas

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Kihesa haujaondoka, na Didas yuko juu ya jukwaa. Kwa ncha ya msumari anaandika mwaka kwenye plasta mbichi, juu kabisa mbele ya nyumba. Kwa mafundi wenzake, nyumba isiyoandikwa mwaka haijaisha.

"Kandamiza, mwanangu, isomeke mpaka barabarani!" anaagiza Mzee Bartholomeo kutoka chini. Ana miaka sabini na moja. Hii ni nyumba yake ya nne.

Kwa Didas ni ya ishirini na saba kujenga. Yake mwenyewe hana. Ana miaka thelathini na tisa, na chumba anacholala na mkewe Rozalia na watoto watatu ni cha mzee huyuhuyu.

Kodi ni elfu sitini kwa mwezi, na hulipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Siku ya kazi Didas hupata elfu ishirini na tano. Masika hapati kitu.

"Mvua ikinyesha najikunyata kwenye chumba cha mtu, nasikiliza bati za mtu. Bati nilizopigilia mimi!" analalamika Didas, ameshuka jukwaani.

Kijiweni kwao wako mafundi kumi na wawili. Wenye nyumba ni watatu, wote wamevuka hamsini. Walio chini ya arobaini hawana hata choo cha kuita chao.

Mzee alipata viwanja vyake mwaka themanini na nne, kila kimoja kwa magunia mawili ya mahindi. Leo kimoja ni milioni nane. Kuna ambacho bado ni kichaka, na mwezi uliopita Didas alimwomba amkatie robo tu, amlipe kwa kumjengea.

"Vijana mmezidi chipsi na simu," mzee alimjibu. "Sisi tulijinyima."

Didas akilikumbuka hilo, sauti inapanda. "Kijana gani mwenye mvi? Chipsi gani za milioni nane? Alichonizidi ni kuwahi kuzaliwa!"

"Taratibu, Baba Yusta," anasema Rozalia, aliyeleta uji. "Kodi inaisha Ijumaa."

"Acha asikie."

Kijijini kwao Igowole, mama yake amempa kona ya shamba la mahindi ajenge. Kazi za ujenzi huko ni chache, lakini tofali elfu tatu ameshazichoma, na kiangazi hiki anachimba msingi.

"Fundi! Namba ya mwisho haijakolea!" anaita mzee.

Didas anapanda tena. "Yangu sitaandika mwaka," anasema kwa sauti, akikandamiza msumari. "Nitaandika umri wangu. Kila apitaye asome fundi alipata nyumba akiwa na miaka mingapi."